Mbwa wa Malindi: jibu la babako

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma, mama yako bado hajaiona. Umeuliza kama ujitolee mwisho wa wiki kwenye lile banda la muda la mbwa waliookotwa ufuoni Malindi, na kama dini inakuruhusu kuwashika.

La dini ni jepesi kuliko watu wa mtaa wetu hapa Lamu wanavyolifanya. Sisi ni Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, na kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito: yakikupata unaosha mara saba, moja kwa maji yenye mchanga. Mkono mkavu kugusa manyoya makavu hakuna neno. Tenga nguo za bandani na za kuswalia, basi. Na yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatuni kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa, habari yake imo katika vitabu vya hadithi za Mtume vya Bukhari na Muslim. Anayekucheka muulize kama ameisoma.

Linaloninyima usingizi ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo usishike hata kitoto kimoja kabla hujachanjwa. Ni sindano mbili, ya pili wiki moja baada ya ya kwanza. Wakikwambia mbwa wao wote ni wazima, omba kuona kadi za chanjo, maana mbwa wa kuokota anaweza kukaa na virusi hivyo wiki kadhaa, hata miezi, huku anatikisa mkia. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ulichanjwa.

Kazi yenyewe usidhani ni kubembeleza. Nimetibu punda miaka mingi, najua mgeni hupewa ufagio kwanza. Anza kuwahudumia wazima, wagonjwa wawe wa mwisho, hasa vitoto vinavyohara damu. Ugonjwa huo, parvo, hubaki sakafuni miezi, na sabuni tupu haiuui, panataka jiki. Mbwa mwoga usimwinamie kichwani wala kumkazia macho. Chuchumaa ubavuni pake, aje mwenyewe.

Kabla hujakubali, waulize: banda likifungwa, mbwa hawa wataenda wapi? Na je, wanafungwa kizazi? Kama jibu ni kuwarudisha ufuoni vilevile walivyotoka, mimi singetoa jasho langu hapo. Lakini kama wanachanja na kufunga kizazi, nenda. Mbwa 7 kati ya 10 wa mji wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kusambaa, na wanaonusurika zaidi ni watoto wanaocheza barabarani.

Hoja hiyo ya watoto ndiyo nitakayompa mama yako. Wewe usimpigie simu kwanza; niachie mimi, nimwambie akishakunywa chai. Ukishadungwa ya pili, nitumie picha ya kadi, maana hilo ndilo ataniuliza.

Babako