Watarajali wangu, levodopa haisubiri raundi ya dawa

Jana kwenye raundi nimeikuta tena: metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, miligramu 10 mara tatu kwa siku, kwenye chati ya mzee mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa. Mwaka huu ni mara ya tatu. Wadogo zangu, nawapenda, lakini leo mtanisikiliza.

1. Jueni kinachokufa. Mnaukumbuka ule ubongo wa formalini wa darasa la anatomia? Ukikata shina la ubongo kwa juu, kwenye ubongo wa kati, unaona mistari miwili myeusi, mmoja kila upande, kama wanja. Ndiyo sabstansia nigra. Weusi wake ni neuromelanini iliyomo ndani ya seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kusogea vizuri. Kwa mgonjwa wa Parkinson wanja umefifia, pengine umefutika kabisa. Daktari Tretiakoff aliliandika hilo Paris mwaka 1919. Mkono unapoanza kutetemeka, pengine nusu ya seli zile zimeshakwenda. Mzee anayeingia wodini na fimbo yake anaishi kwa seli chache zilizobaki na vidonge vya levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, vilivyo mfukoni mwa bintiye.

2. Metoklopramidi inaziba vipokezi vya dopamini. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, nayo hivyo hivyo. Hili nililijua, nililijibu kwenye mtihani, na bado nililifanya.

Ilikuwa zamu ya usiku, mwaka wangu wa utarajali. Mzee alilazwa kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Aliingia akitembea, anatapika, kofia yake ya kiua imekaa sawasawa. Binti yake akanishika mkono: "Dokta, baba anameza dawa yake saa kumi na mbili, saa nne, saa nane na saa kumi na mbili jioni. Ikichelewa anaganda." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, dawa zitatolewa kwenye raundi. Nikaandika levodopa mara tatu kwa siku, kama dawa nyingine yoyote. Nikaandika na metoklopramidi ya sindano, nikaenda kwa mgonjwa mwingine.

Siku ya pili jioni nilimkuta amelala chali, kichwa hakijagusa mto, kimebaki hewani kama kimeshikwa. Macho yananifuata, uso haubadiliki. Uji wa mchana ulikuwa bado mdomoni. Nikamwita, "Mzee, shikamoo." Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Binti alikuwa amekaa pembeni, kidonge ameshika kwenye kiganja, kimeshaanza kulainika kwa jasho, maana aliambiwa asimpe kitu bila ruhusa.

Sista wa zamu ndiye aliyefungua chati, akaweka kidole kwenye mstari wangu bila kusema neno. Tukasimamisha sindano, tukapitisha mrija wa pua, levodopa ikarudi kwenye saa zake. Lakini uji ulikuwa umeshaingia kwenye mapafu. Alikaa wiki tatu na nimonia, akatoka kwa kiti cha magurudumu. Nilimwambia binti yake ukweli, kwamba dawa ile niliandika mimi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Sasa kwa nini hukunisikiliza?"

3. Msiangalie mkono tu. Chembe za Lewy, yaani mabonge ya protini ndani ya seli za neva za wagonjwa hawa, daktari Lewy mwenyewe alizieleza mwaka 1912, na mojawapo ya mahali alipoziona ni kiini cha neva ya vagasi, inayohudumia moyo na utumbo, chini kabisa kwenye shina. Lokasi seruleasi, sehemu nyingine ya shina, penye noradrenalini, kemikali nyingine ya neva, nayo inapoteza seli. Kwa hiyo muulizeni mgonjwa kuhusu choo. Pimeni presha akiwa amelala, kisha dakika tatu baada ya kusimama. Nimeona mzee anaongezewa levodopa kwa sababu "anaanguka," kumbe namba ya juu ya presha ilikuwa inashuka kwa 30 kila akiinuka, na dozi ile ikaishusha zaidi.

4. Kichefuchefu: domperidoni baada ya kuangalia ECG, kipimo cha umeme wa moyo, au ondansetroni.

5. Hamezi? Mrija siku hiyo hiyo. Levodopa haikatwi ghafla.

6. Saa za dawa muulizeni anayemhudumia nyumbani, mziandike kama alivyozitaja. Levodopa ya mgonjwa wa kitanda cha tisa ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimeshaongea na sista wa usiku. Nani kati yenu atakuwepo kuona kidonge kinamezwa?