Pishi ya bibi tupeleke makumbusho, na vile vigae je?

SWALI: Assalam alaikum. Baada ya arubaini ya bibi tumesafisha nyumba, uvunguni tumekuta pishi ya mbao ya kupimia karafuu na mkoba wa vigae, yaani vipande vya vyombo vya kale, marehemu babu alikua mvuvi akiviokota Ras Mkumbuu kwenye magofu ya mji wa kale. Kaka anasema tupeleke makumbusho pale ngomeni Chake Chake, hapa Pemba. Dada anasema pale pa watalii tu, na siku alokwenda yeye kusikiliza mazungumzo kwenye makumbusho moja (sitaji) walizungumza Kiingereza mwanzo mwisho. Tufanyeje?
Mjukuu, Wete

JIBU: Waalaikum salaam, poleni sana na msiba.

Pishi pelekeni, lakini msipeleke pishi tupu! Kaeni na mama na mashangazi kwanza muulize bibi alikua akiitumia vipi, akipimia wachumaji au akipimiwa yeye, maana mchumaji alikua akilipwa kwa pishi na hapo ndo ugomvi ulipokua, huyu kajaza kilima huyu kakata mdomo. Watoto wa sasa hata vibaba vinne kuwa ni pishi moja hawajui. Andikeni yote hayo karatasi moja, jina la bibi na kijiji pia, mkabidhi pamoja, na nyie mdai karatasi ya kuonesha mmekabidhi nini na kama ni zawadi au ni kuazima. Kitu kisicho na maelezo kikifika kabatini kinakua kibao tu.

Vigae ni habari nyengine. Kigae peke yake mkononi hakisemi kitu, maneno yake ni pale kilipolala. Wachimbaji wa mambo ya kale wanashuka tabaka kwa tabaka, wakikuta kigae cha kung'aa cha buluu kijani kilotoka Ghuba ya Uajemi kimekaa ubavuni mwa gae la chungu chetu cha kienyeji, hapo ndo wanakisia zama. Babu hakufanya ubaya, nani alimwambia? Ila sasa msiokote tena. Hivyo vilivyomo mkobani vipelekeni, mseme vimetoka ufukweni upande gani, karibu na msikiti wa magofu au mbali, na msivioshe kwa sabuni jamani.

Dada nae ana haki yake. Mie nishawahi kukaa kwenye mazungumzo ya Pujini, ngome ya Mkame Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, msemaji kaeleza vizuri kuta na handaki, mzee mmoja nyuma akanyoosha mkono akasema mbona kisima hujakisema, kile kilichotiwa ukuta kati ili wake wawili wasikutane wakiteka maji? Ukumbi mzima ukaamka, kila mtu ana ya kwao, mpaka ikaadhiniwa. Ni hadithi, sawa, lakini yule mzee angeletewa Kiingereza angenyamaza. Kwa hiyo dada asisuse, aende akae mbele, aulize kwa Kiswahili.

SWALI: Nna wanafunzi 40, jumba la Chake dogo, ntawaingiza vipi?
Maalim, Mkoani

JIBU: Nusu nusu, maalim. Piga simu kabla uwaambie mnakuja wangapi. Nusu waingie, nusu wabaki nje wachore kuta, na wambie wanachokiona ni kibakio tu, sehemu kubwa ya ngome ilibomolewa kupisha hospitali. Ndani usiwakimbize kila kabati, chagua kitu kimoja. Mie ningechagua karafuu, uwaulize kwa nini Pemba ikawa ndo kisiwa cha karafuu wakati Unguja nako ilikuwepo, jibu limo kwenye kimbunga cha 1872 kiloangusha mikarafuu ya Unguja. Gari ikiwa na mafuta malizieni Pujini, na maji muwabebee, kile kisima ni cha hadithi.