Maswali ya mabawa: ncha zilizosimama, bawa linalokunjwa na mengineyo

Safari hii barua karibu zote zimeandikwa na watu waliokaa dirishani, juu ya bawa la ndege. Zilizouliza jambo moja nimeziunganisha.

Vile vipande vilivyosimama kwenye ncha za mabawa ni vya nini? Rafiki yangu anasema ni mahali pa kuchora nembo tu.

Nembo huchorwa hapo kweli, ila vina kazi nyingine. Ndege huelea kwa sababu hewa ya chini ya bawa ina mgandamizo mkubwa kuliko ya juu. Kwenye ncha hewa hiyo hupata upenyo, ikazunguka na kupanda juu, na ndege ikaacha nyuma yake visulisuli viwili, kimoja kila upande. Kuzungusha hewa ni kazi, na injini ndizo zinazoilipia kwa mafuta. Ndege ikiwa katika mwendo wake wa kawaida angani, ukinzani unaotokana na visulisuli hivi, yaani nguvu ya hewa inayoivuta ndege nyuma, unaweza kufika karibu asilimia 40 ya ukinzani wote. Inapopaa, ikiwa nzito na bado haijashika kasi, huzidi hapo.

Kipande kile hukipunguzia kisulisuli nguvu. Richard Whitcomb wa NASA alikifanyia utafiti wa kina miaka ya 1970, kisha kikajaribiwa angani kwenye KC-135, ndege ya kijeshi inayobeba mafuta. Kwenye Boeing 737 na Airbus A320, akiba hufika takriban asilimia 4 ya mafuta katika safari ndefu. Katika safari fupi faida hupungua, maana kipande chenyewe nacho kina uzito wa kubebwa.

Basi mbona Boeing 787 haina?

Hili ndilo swali nililolipenda zaidi. Dawa yenyewe hasa ya kisulisuli ni bawa refu. Ncha iliyosimama ni namna ya kupata sehemu ya faida hiyo bila kuongeza upana wa ndege. Ukirefusha mabawa kwa asilimia 10, uzito na kasi vikibaki vilevile, ukinzani ule hushuka kwa takriban asilimia 17. Waliounda 787 waliamua kurefusha: ncha zake zimechongwa zikaelekea nyuma badala ya kusimama.

Mbona basi wengine wasirefushe tu? Kwanza, kadiri bawa linavyokuwa refu ndivyo shina lake linavyoelemewa, nalo likiimarishwa uzito unaongezeka. Pili ni maegesho, jambo ambalo abiria hawalifikirii. Nafasi nyingi za ndege kubwa viwanjani zimepimwa kwa upana usiofika mita 65, na hata nafasi za daraja la juu kabisa zina kikomo cha mita 80. Airbus A380 ililazimika kuishia mita 79.75. Kwa uzito ule ilistahili mabawa marefu zaidi, lakini ikabaki na mafupi na mapana, nayo imeligharamia hilo kwa mafuta. Boeing 777X imepita njia nyingine: angani ina upana wa karibu mita 72, na ikishatua inakunja ncha zake ili ienee kwenye nafasi ya mita 65. Mimi naona huo ni ujanja mzuri kuliko pambo lolote la nchani.

Mabawa yameelekezwa nyuma ili ndege ipasue hewa kama mshale?

Mshale hauhusiki. Ndege kubwa husafiri kwa takriban asilimia 85 ya kasi ya sauti, na hewa inayopita juu ya bawa huongeza mwendo hadi kuipita kasi hiyo. Hapo huzuka wimbi la mshtuko na ukinzani hupanda ghafla. Bawa likilazwa nyuma, sehemu tu ya mwendo wa hewa ndiyo hulikata moja kwa moja, kwa hiyo bawa “huhisi” kasi ndogo kuliko iliyopo. Mjerumani Adolf Busemann alilieleza wazo hili Roma mwaka 1935. Ndege za mapangaboi kama ATR hazifiki kasi hiyo, ndiyo maana mabawa yake yamenyooka.

Niliona bawa likipinda juu na chini. Linaweza kukatika?

Limeundwa lipinde. Mwaka 2010 mabawa ya 787 yalijaribiwa ardhini kwa mzigo wa asilimia 150 ya mkubwa kabisa unaotarajiwa katika matumizi, yakapinda juu kwa takriban mita 7.6 bila kukatika.

Nikae wapi ili nione bawa likifanya kazi?

Nyuma yake kidogo. Ndege ikikaribia kutua utaona vibao vya ukingo wa nyuma vikitoka na kuinama. Bawa linakuwa pana na lenye mkunjo zaidi, ili liendelee kunyanyua ingawa mwendo umepungua. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, tazama pembe za vibao hivyo. Ukiona uzi mweupe wa mvuke unaojisokota, huyo ndiye kisulisuli.