Mipaka ya jimbo: mahakamani au kwa madiwani?

SWALI: Sisi wa kisiwa cha Ukara tukimtafuta mbunge tunavuka kwa kivuko kutoka Bwisya hadi Bugolora, kisha tunapanda gari mpaka mji wa Nansio. Wilaya yote ya Ukerewe ni jimbo moja. Je, mahakama inaweza kutamka kwamba mgawanyo huu unavunja Katiba?
Msomaji, Ukara

JIBU: Ndugu msomaji, kwa mipaka anzeni kwa madiwani. Ibara ya 74(12) inazizuia mahakama kuchunguza jambo lililotendwa na Tume ya Uchaguzi katika kutekeleza madaraka yake kwa mujibu wa Katiba. Hayo maneno "kwa mujibu wa" ndiyo upenyo pekee: wakili wenu athibitishe kwamba Tume ilivuka Katiba yenyewe. Kusema iligawa vibaya hakutoshi.

Mwaka 2025 Tume iliangalia wastani wa watu 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kijijini. Katoro na Chato Kusini ni kati ya majimbo 8 yaliyozaliwa. Ukerewe, kwa sensa ya 2022, haikufika 400,000. Kwa hiyo msiegemee vichwa, egemeeni maji: Ibara ya 75 inaitaka Tume izingatie njia za mawasiliano na jiografia, na ichunguze mipaka angalau kila baada ya miaka 10. Andikeni nauli, saa za safari na siku ambazo kivuko hakikuvuka. Ombi hupita baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, ya mkoa, ndipo Tume, nayo hugawa kwa kibali cha Rais.

Lakini kifungu cha sheria kikivunja haki za msingi za Ibara ya 12 hadi 29, hapo mlango wa Mahakama Kuu uko wazi kwa Ibara ya 30(3). Jaji mmoja huchuja ombi, watatu husikiliza. Marekebisho ya sheria ya 2020 yalimtaka mwombaji aape jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, na awe amemaliza njia nyingine za nafuu. Kwa masharti hayo, ombi la "sisi wananchi" tu lilifia hapo.

Mfano wa kifungu kilichoangushwa uko ng'ambo ya ziwa: Julius Ndyanabo, aliyegombea ubunge wa Nkenge mkoani Kagera, alipinga kifungu kilichomtaka mlalamikaji wa uchaguzi aweke dhamana ya shilingi 5,000,000 kabla kesi haijasikilizwa. Mahakama Kuu ilimkatalia. Mahakama ya Rufani, katika rufaa namba 64 ya 2001, ikakibatilisha kwa kuwanyima wasio na fedha haki ya kusikilizwa.

Hata ukishinda, Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha, na kifungu huendelea kutumika mpaka kirekebishwe au muda huo uishe.