Shangazi Tujibu: Daktari Aliyetaka Serikali Iachane na Watu na Unga Wao

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni dereva boda hapa Chumbageni, Tanga. Juzi kijiweni tukisubiri abiria mwenzetu akatuonesha kwenye simu mdahalo wa zamani wa Marekani, kuna mgombea urais mzee mmoja anaitwa Ron Paul, daktari, anaulizwa kuhusu heroini, anajibu kwamba hata ikiruhusiwa kesho watu hawatakimbilia kutumia, na ukumbi ukapiga makofi. Tangu siku hiyo ni ubishi tu. Mimi nasema mzee yuko sahihi, mwili wangu ni wangu, serikali inaingilia ya nini, kila siku mateja wanakamatwa na unga, yaani hiyo heroini, upo palepale. Muuza kahawa wetu anasema huyo mzee angepewa nchi angemaliza vijana. Tuamulie Shangazi, na je alishinda?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na la mwisho maana ni jepesi, hakushinda. Aligombea mara tatu, 1988 kwa chama kidogo cha Libertarian akapata kura zaidi ya 430,000 tu nchi nzima, alafu 2008 na 2012 akajaribu kupitia Republican na hakuteuliwa, 2012 chama kilimchukua Mitt Romney na urais ukabaki kwa Obama. Alikuwa mbunge pia, na bungeni akatoka Januari 2013.

Sasa mdahalo wenyewe. Ni wa Mei 2011, Greenville, South Carolina, na muulizaji alikuwa mtangazaji Chris Wallace. Mzee aliwauliza watu ukumbini, ivi nani kati yenu angetumia heroini kama ingekuwa halali? Maana yake, nyie mnaacha unga kwa akili zenu wenyewe, sio kwa sababu serikali imewakataza. Na akaifananisha na uhuru wa dini, kwamba uhuru unalinda hata mambo ambayo jirani yako hayapendi.

Muuza kahawa wenu mwambieni kwanza ajue mtu anayemsema. Huyu si mtu wa kihuni, ni daktari wa akina mama wajawazito kutoka Texas, mwenyewe anasema amezalisha watoto zaidi ya 4,000. Na hakusema kwamba unga ni mzuri. Hoja yake ni kwamba katiba ya Marekani haijaipa serikali kuu kazi hiyo, yaani kila jimbo liamue lenyewe, kama vile Zanzibar walivyo na sheria yao ya dawa za kulevya na mamlaka yao, na sisi Bara tuna ya kwetu ya 2015. Mwaka huohuo wa 2011 yeye na Barney Frank, mbunge wa upande wa pili kabisa, walipeleka muswada wa kuitoa bangi kwenye sheria ya serikali kuu ili majimbo yajiamulie. Na alikuwa akiwakumbusha wenzie kwamba zamani Marekani ilipotaka kupiga marufuku pombe ilibidi wabadilishe katiba kwanza, ikakatazwa 1920, ikashindikana, 1933 wakaifuta marufuku yenyewe, ila kwenye dawa za kulevya hakuna aliyegusa katiba, ilitungwa sheria tu mwaka 1970 na mwaka uliofuata rais wao Nixon akatangaza vita dhidi ya dawa hizo. Hapo sina cha kumpinga. Sisi wenyewe gongo imekatazwa miaka na miaka na kila mtaa watu wanajua inapouzwa.

Tena Januari 2012 akiwa New Hampshire alisema hadharani kwamba sheria hizi zinawaumiza watu weusi kuliko wazungu ingawa wote wanatumia. Kwa mgombea wa chama kile kusema vile mbele ya wapiga kura wake, lile neno nililipenda. Ila kwa haki niseme pia kwamba miaka ya nyuma kulikuwa na majarida yaliyotoka kwa jina lake yenye maneno mabaya sana kuhusu weusi hao hao, yeye akasema hakuyaandika na akayakana, sasa hilo kila mtu atapima mwenyewe.

Mwanangu, mimi tatizo langu na huyu mzee linaanzia kwenye lile swali lake. Ukumbi ule ulikuwa umejaa watu wameshiba, wamevaa suti, hakuna hata mmoja mwenye arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ukiwauliza nani anataka heroini lazima wanyamaze. Swali lile linamhusu ambaye hajaanza. Aliyekwisha kuanza hakuulizwa.

Nina mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa fundi baiskeli Ngamiani, na Tanga yetu unaijua, fundi baiskeli halali njaa. Unga ulipomwingia hakuanza kwa kuiba, alianza kuuza vyake, kwanza pampu, alafu spana moja baada ya nyingine mpaka siku niliyofungua lile boksi lake nikakuta imebaki spana namba 15 peke yake imeviringishwa kwenye kipande cha kanga ya marehemu mama. Vyake vilipoisha ndo akahamia kwetu, sufuria, simu, nguo zikiwa bado mbichi kwenye kamba. Sasa uje umuone na arosto, mchana wa Februari na joto la Tanga unalijua, yeye kajikunja mkekani na blanketi, miayo haimwishi, machozi na kamasi vinamtoka, vinyweleo vimesimama kama kuku aliyenyonyolewa, anasema mifupa inavunjika. Mtu huyo unamwambia mwili wako ni wako jiamulie? Ataamua nini na kwa akili ipi? Uhuru wake ulikuwa umeshachukuliwa na kete kabla hata polisi hajamjua.

Na polisi wakaja kumjua kweli, alichukuliwa mara mbili, na mara zote mbili alirudi amekonda zaidi na anajua maskani mpya ambazo hakuzijua kabla. Kwaiyo kwenye kufunga mateja mimi niko na daktari moja kwa moja. Kumfunga mgonjwa hakumponyi, na aliemuuzia anabaki nje.

Lakini yeye haishii hapo. Yeye anataka serikali itoke kote, kwenye kufunga na kwenye kutibu. Mpango wake wa 2012 ulikuwa kukata matumizi dola trilioni 1 mwaka wa kwanza tu na kufuta wizara tano, ya elimu ikiwemo. Septemba 2011 kwenye mdahalo mwingine aliulizwa kijana wa miaka 30 asiye na bima akiwa mahututi nani amlipie, akajibu kwamba uhuru ndio huo, mtu ubebe hatari zako mwenyewe, alafu akasimulia zamani alipokuwa kwenye hospitali ya kanisa kwamba hakuna mgonjwa aliyerudishwa, majirani na makanisa walisaidia.

Ujirani naujua mwanangu, naishi ndani yake. Msiba ukitokea Ngamiani kabla ya adhuhuri turubai limeshafungwa na mchele umeshachangwa. Ila teja ndo mtu anayewaibia haohao majirani, jirani wa kwanza atasamehe, wa pili atasamehe, wa tatu ameibiwa baiskeli ya mwanae ya kwendea shule, utamwambia nini? Mdogo wangu kuna usiku alipigwa na watu waliokula naye futari. Nawaelewa, walikuwa wamechoka, na ndo maana ugonjwa huu hauwezi kuachiwa huruma ya mtaa peke yake, unataka nesi anayelipwa mshahara ambaye hakuibiwa sufuria.

Na angalia tarehe. Mdahalo wa Greenville ni Mei 2011. Miezi mitatu tu nyuma yake, Februari, Muhimbili ndo walikuwa wameanza kutoa methadone, dawa ya kunywa inayomzuia teja asishikwe na arosto, na sehemu kubwa ya pesa za kazi ile zilitoka Marekani kupitia mfuko wao wa ukimwi, PEPFAR. Daktari yule alikuwa anapinga misaada yote ya nje, yote kabisa, anasema si kazi ya serikali yao. Ukumbi unapiga makofi kule, huku kuna watu wanakunywa dawa kwa pesa hizo anazotaka zifutwe. Alafu Januari 2025 wakati rais wao aliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, mimi nilikaa kitandani nahesabu vichwa ninavyovijua vinavyokunywa dawa hiyo. Hapo mzee wa Texas hakuwa madarakani lakini mawazo yake ya misaada nilikuwa nayaona yanatembea. Ndo maana nasema na sisi lazima bajeti yetu wenyewe ibebe dawa hii.

Kwaiyo wewe na muuza kahawa mkae mnywe pamoja, wewe uko sawa kwenye pingu na yeye yuko sawa kwenye hofu yake.

SWALI: Shangazi salamu. Nafanya biashara ndogondogo Horohoro. Nikivuka kidogo tu Lunga Lunga mirungi inauzwa mezani kama mchicha, nikirudi huku nikikutwa na kitita kimoja mimi ni mhalifu. Jani ni lilelile. Hii si ndo hoja ya huyo mgombea?

JIBU: Ndo yenyewe, na umeieleza vizuri kuliko yeye. Kenya mirungi ni zao linalotambuliwa na sheria, watu wa Meru wanasomeshea watoto, kwetu imo kwenye sheria ya 2015 pamoja na bangi na unga. Uingereza nao waliiachia miaka yote mpaka 2014 ndo wakaipiga marufuku. Jani halikubadilika, waliobadilika ni wabunge. Mimi naona mirungi na heroini kuwekwa kapu moja si sawa na ningependa wabunge wetu walijadili hilo kwa uwazi. Ila mdogo wangu, kabla hawajalijadili usibebe, wala usimbebee mtu mzigo usioujua ndani yake kwa ajili ya elfu kumi. Nimeona familia zikiuza kiwanja kulipia wakili.

SWALI: Asalaam aleykum dada yangu. Mimi ni mama wa Makorora, mwanangu wa pili anatumia unga huu mwaka wa sita. Nasikia vijana wanasema Ureno wameacha kufunga watumiaji na mambo yametulia, ni kweli? Baba yake anataka tumpeleke polisi wamtie adabu. Mimi nimechoka, kuna siku nasema nimuache tu afanye anavyotaka.

JIBU: Waaleykum salaam dada yangu, pole, na hiyo pole naitoa mtu anayeyajua.

Ureno ni kweli, tangu Julai 2001 mtu akikutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe, kisichozidi cha kumtosha siku kumi, hapelekwi jela, anapelekwa mbele ya watu watatu wanaokaa naye kuzungumza, anatumia kiasi gani, anataka kuacha, kwao vipi, na wanamuelekeza kwenye matibabu. Muuzaji anafungwa kama kawaida. Vijana wanaosimulia habari ya Ureno wanasahau nusu ya pili, kwamba serikali haikuondoka, iliacha kuja na pingu ikaja na dawa na pesa za tiba. Kule Marekani jimbo la Oregon walipiga kura 2020 kufanya kitu cha kufanana na hicho, ila kufunga kuliondolewa haraka na pesa za matibabu zikachelewa sana kufika, watu wakawa wanatumia barabarani na wanakufa, na mwaka 2024 bunge lao likarudisha adhabu. Kwaiyo kumuacha tu afanye anavyotaka, hilo ndo lilijaribiwa, na uliona. Baba yake naye mwambie taratibu kwamba adabu mwanawe anayo, anachokosa ni dawa.

Hapa kwetu methadone ipo, hospitali ya Bombo. Mara nyingi mtu anaanzia kwa wale waelimishaji wanaozunguka maskani, wengi wao walikuwa watumiaji na wanajua kuongea na mtoto wako kuliko mimi na wewe, wao ndo wanamuandaa na kumfikisha kliniki. Atapimwa, ataulizwa, atapewa kadi. Dawa ni ya maji, anakunywa pale pale dirishani kwenye kikombe kidogo mbele ya nesi, alafu nesi anamsemesha kidogo ili ahakikishe amemeza. Kila siku, mara moja, maana inamkaa mwilini siku nzima arosto isimshike. Siku za mwanzo wanampa kidogo wakipandisha polepole, kwaiyo usivunjike moyo ukimuona bado anaumwa, hizo siku ndo wengi wanakimbia. Na kitu kimoja naomba ukishike sana, akishaanza asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi wala unga, hapo pumzi inaweza kukata akiwa amelala.

Usimuulize ataacha lini. Wengine wanakunywa miaka, na mtu anayekunywa dawa miaka mitatu huku anafanya kazi si teja. Mdogo wangu ni mmoja wao, asubuhi anapita Bombo na baiskeli, akitoka hapo anakwenda kufungua. Ile spana namba 15 anayo hadi leo, boksi limejaa tena ila ile ndo haazimishi.

Mpeleke wewe mwenyewe siku ya kwanza. Na baba yake aende, hata kama atakaa nje kwenye benchi asiongee neno, mtoto atamuona.