Wasomaji Wanauliza: Video Imetazamwa Sana, Wateja Wako Wapi?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu video fupi za TikTok, Reels na Shorts, na namna wenye bidhaa wanavyoweza kunufaika na trendi zinazoibuka humo. Tumechagua nne.

*Mshauri, salaam. Nina duka la vitenge Kariakoo, na nyuma ya duka nina mafundi wa kushona. Mpwa wangu anayesimamia ukurasa wetu anasema ni lazima tufuate kila chalenji inayoibuka TikTok, na wasichana wa dukani wamekwishacheza karibu zote. Video moja ilitazamwa na watu wengi mno, lakini dukani hakuongezeka mteja. Tunakosea wapi? – Mama wa vitenge, Dar es Salaam*

Mama, kabla ya kumlaumu mpwa wako ni vema kufahamu jinsi programu hizi zinavyogawa video. TikTok yenyewe ilieleza mwaka 2020 kwamba mtu kuitazama video hadi mwisho ni ishara inayopewa uzito mkubwa kuliko ile ya mtazamaji na mwenye video kuwa katika nchi moja, na kwamba idadi ya wafuasi si kigezo cha moja kwa moja cha kuipendekeza. Utaratibu huo ndio unaomwezesha muuza vitenge asiye na wafuasi kuonekana na umati, na ndio huohuo unaoweza kuipeleka video yako Lagos au Manila, kwa watu waliofurahia uchezaji wa wasichana wako lakini ambao hawatakanyaga Mtaa wa Kongo maisha yao yote. Video ya kucheza isiyo na neno la Kiswahili, isiyoonyesha kitenge vizuri wala kutaja mahali, haimpi mkazi wa Mbagala sababu ya kubaki nayo inayozidi ile ya mtu wa Manila. Mwombe mpwa wako afungue sehemu ya takwimu za ukurasa, aangalie watazamaji wa video ile walitoka wapi; nadhani nusu ya jibu lako imo humo.

Nusu ya pili ni aina ya trendi mnazochagua. Wengi wakisikia trendi hufikiria kucheza tu, ilhali trendi inaweza kuwa sauti, mzaha, swali linaloulizwa na kila mtu, au muundo wa kuhariri video, na kwa duka kama lako muundo ndio wenye faida kubwa zaidi. Chukua ule unaomwonyesha mtu amesimama na nguo za kushindia nyumbani, akirusha kitambaa mbele ya kamera, na kitambaa kinapoanguka anaonekana amekwishavaa gauni la sherehe. Wengine huufanya kwa kitambaa chochote kilicho karibu. Wewe kitambaa chenyewe ni bidhaa yako, gauni ni kazi ya fundi wako, na sekunde chache zinatosha kumweleza mtazamaji kwamba hapo kitenge kinanunuliwa na kushonwa chini ya paa moja. Hapo trendi inafanya kazi ambayo tangazo la kawaida lingehitaji maneno mengi kuifanya.

Mfano wa karibu tunao nyumbani. Kili Paul na dada yake Neema, ndugu wa Kimaasai wa Tanzania, walijulikana kuanzia mwaka 2021 kwa kufuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, na Februari 2022 Ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ukamtunuku Kili Paul, mwezi ambao pia Waziri Mkuu Narendra Modi aliwataja ndugu hao katika kipindi chake cha redio. Nyimbo walizozitumia zilikuwa zikiigizwa na watu wengi. Mavazi yao na mandhari ya nyumbani kwao ndiyo yaliyomfanya mtazamaji wa Mumbai asimame. Ninyi mmekuwa mkiiga nyimbo na uchezaji, na kile ambacho ni chenu peke yenu, yaani rangi za vitenge na mikono ya mafundi, mmekiacha nyuma ya duka.

Kuhusu kufuata kila chalenji, sikubaliani na mpwa wako. Trendi nyingi huchakaa haraka, na anayechelewa huonekana anarudia mzaha ambao watu wamekwishauchoka. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: kama video inaweza kupigwa siku hiyohiyo, na kama ukikiondoa kitenge video inakosa maana, ingieni, vinginevyo iacheni ipite, kwa kuwa wiki ijayo itakuja nyingine.

Naongeza jambo moja ambalo hukuliuliza. Niliposoma barua yako niliwaza ile desturi ya wauzaji wetu ya kumjibu kila anayeuliza bei kwa maneno “njoo inbox”. Sababu zake zinaeleweka, maana muuzaji anaogopa washindani na anataka nafasi ya kupatana. Lakini mtu anayetazama video kwa bando aliloliweka kwa shida, akiwa amesimama kituo cha daladala, hana subira ya kufungua mazungumzo ili aambiwe bei ambayo huenda haiwezi. Andikeni bei ya kuanzia juu ya video yenyewe, pamoja na muda wa kushona, namba ya WhatsApp na alama ya kulitambua duka. Na kabla ya kuiposti, hakikisheni kitenge kinachoonekana kipo cha kutosha dukani, kwa sababu mteja aliyetoka Kibaha akakuta kimekwisha atasimulia hilo kwenye maoni, na maoni yake yatasomwa na kila atakayeifikia video baada yake.

*Mshauri, mimi nina mkahawa katika Mji wa Kale, Mombasa. Tunawapiga video wateja wakifurahia biriani, kisha tunaweka nyimbo zinazovuma. Rafiki yangu amenitisha kwamba naweza kushtakiwa, nami nimemjibu kwamba nyimbo hizo zimo ndani ya programu yenyewe na mkahawa wangu umelipia leseni ya muziki. Nani mkweli? – Mwenye mkahawa, Mombasa*

Rafiki yako, na kwa sababu mbili.

Kwanza ni muziki. Leseni uliyoilipia inakuruhusu kupiga nyimbo ukumbini ili wateja wazisikie. Kuuunganisha wimbo na picha za kutangaza biashara ni haki nyingine kabisa, ambayo huombwa kwa wenye wimbo na wenye rekodi. Kuwepo kwa wimbo ndani ya programu nako hakukukingi, kwani ruhusa zile kwa kawaida zinawahusu watu binafsi wanaojiburudisha. Ndiyo maana TikTok imetenga maktaba ya muziki iliyokwisha kuruhusiwa kwa matumizi ya kibiashara. Huko Marekani, kampuni iliyokuwa ikitengeneza kinywaji cha Bang ilishtakiwa na Universal Music kwa video zake za TikTok, na mwaka 2022 mahakama ya Florida ikaamua kwamba ilikiuka hakimiliki, ingawa ilijitetea kwamba nyimbo zilipatikana ndani ya programu hiyohiyo. Hata wasio wafanyabiashara wameguswa. Wimbo wa Jerusalema wa Master KG wa Afrika Kusini ulienea duniani mwaka 2020 baada ya kikundi cha Angola kuucheza kikiwa na sahani za chakula mikononi, na polisi na wauguzi wa nchi mbalimbali wakaufuata. Mwaka uliofuata kampuni ya Warner Music ikaanza kudai malipo ya leseni kwa taasisi za Ujerumani zilizoposti video hizo.

Njia salama kwako ni kutumia maktaba hiyo ya kibiashara, au, na hii ndiyo ningeipendelea, kuzungumza na msanii wa hapohapo Pwani akutengenezee sauti fupi kwa mkataba ulioandikwa. Ikipendwa, wengine wataitumia kwenye video zao, na kila atakayeitumia atakuwa amebeba kitu chako. Yapo pia mambo ambayo hayahitaji leseni ya mtu yeyote: mlio wa sufuria linapofunuliwa, na sauti ya mpishi akieleza kwa nini wali wake hauvurugiki.

Sababu ya pili ni wateja wenyewe, na hii ina makali zaidi huko kwenu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliutoza ukumbi mmoja wa burudani wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kibao cha mlangoni kinachosema “hapa tunapiga video” kinasaidia kuwatahadharisha watu, lakini usikifanye mbadala wa ridhaa. Mwombe mteja kabla ya kamera kuwashwa, mweleze video itawekwa wapi na kwa ajili gani, pata ruhusa kwa maandishi hata kama ni ujumbe mfupi wa simu, na akibadili mawazo baadaye iondoe bila ubishi. Watoto waache kabisa, isipokuwa mzazi ameridhia. Wasomaji wa Tanzania nao wasijione wako mbali na suala hili, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwishaanza kutumika.

*Tunasaga unga wa lishe Morogoro. Tunafikiri kuanzisha chalenji yetu wenyewe na kumlipa mtu maarufu aizindue. Inafaa? – Wasagaji, Morogoro*

Fedha hizo zishikeni kwanza. Chalenji inayobuniwa na kampuni mara nyingi huchezwa na waliolipwa tu, na malipo yakiisha nayo inakwisha. Mwezi Septemba 2020 mfanyakazi mmoja wa ghala huko Idaho, Marekani, Nathan Apodaca, aliharibikiwa na gari akiwa njiani kwenda kazini, akapanda ubao wa magurudumu huku akinywa juisi ya Ocean Spray kutoka kwenye chupa, akajirekodi, na video hiyo ikaenea duniani. Kampuni ya juisi hiyo haikuwa imepanga lolote. Ilichokifanya vizuri ni kutambua upesi kilichotokea: ilimpa gari jipya, na mkurugenzi wake mkuu naye akapanda ubao akaiga video ile.

Watafuteni akina mama wanaopika uji wa unga wenu na wamekwishauonyesha kwa hiari yao. Ombeni ruhusa ya kuziposti tena video zao, watajeni kwa majina wanayoyatumia mtandaoni, na wapelekeeni mfuko wa unga kama shukrani. Mkimlipa mtu yeyote, video ioneshe wazi kuwa ni tangazo, na asithubutu kusema unga unatibu ugonjwa, hata kama anaamini hivyo.

*Mimi ni meneja wa SACCOS ya walimu. Je, taasisi yenye heshima zake inaweza kuingia kwenye mambo haya bila kujivunjia hadhi? – Meneja, Dodoma*

Inaweza, Ndugu Meneja, ila si kwa kucheza. TikTok ina nafasi ya kulijibu swali la mtazamaji kwa video mpya, swali lenyewe likionekana juu ya skrini, na muundo huo unawafaa mno watu wanaoulizwa maswali yaleyale dirishani kila siku. Afisa mikopo mmoja anayeongea vizuri aeleze kwa kalamu na karatasi jinsi riba ya mkopo wa shilingi 1,000,000 inavyokokotolewa kwenu, kisha aiweke kando ya hesabu ya ile mikopo ya mitaani yenye riba kubwa inayoitwa kausha damu. Walimu watatumiana wao kwa wao kwenye makundi ya WhatsApp ya shule, na huko ndiko waliko wanachama wenu watarajiwa.

Mizaha inayowahusu wadaiwa sugu msiiguse, hata ikivuma namna gani. Halafu jueni kwamba ukurasa ukishajulikana, matapeli wa “tuma kwa namba hii” wanaweza kufungua mwingine unaofanana nao na kuwadai watu ada ya kuharakisha mkopo. Video ya kwanza kabisa kuibandika juu ya ukurasa wenu iwe ya wewe mwenyewe, ukiwa ofisini, ukitaja anwani yenu, namba rasmi ya simu, na kwamba SACCOS yenu haipokei ada yoyote ya mkopo kwa namba ya mtu binafsi.