Barua kwa mwanangu: lile godoro tulilorudisha

Mamangu,

Meseji yako ya Jumapili nimeisoma mara tatu na sikujibu. Si kwamba nimekasirika, ni vile vidole vyangu na hii simu haviskizani na jibu lenyewe ni refu. Umesema ulikuwa unapanga makaratasi ya mamako ukakuta lile daftari lake la matumizi la 2004, na mahali ameandika kwa kalamu nyekundu "godoro dogo, rudisha dukani", ukapiga hesabu ukaona wakati huo wewe ulikuwa na miaka miwili na kitu na nduguyo alikuja 2005. Ukaniuliza, "Baba, kwani mimi sikuwatosha?" Halafu ukaweka kile kikatuni cha kucheka, ndio nikajua huchezi.

Bas, ngoja nikueleze vile tulivokuwa tunaishi, manake hukumbuki.

Mimi nilikuwa karani wa zamu ya usiku kwenye godauni kule Shimanzi, natoka saa kumi na mbili asubuhi, na mamako ni mwalimu wa darasa la kwanza. Januari 2003 shule za msingi zikafanywa bure, darasa lake likafurika mpaka watoto wengine wakawa wanakaa chini, jioni anarudi Mikindani sauti imekauka hata kukuimbia hawezi. Kwa hivyo mchana ulikuwa wetu mimi na wewe. Majirani walizoea kumuona mwanamume mzima saa nne asubuhi ana mtoto mgongoni kafungwa na leso, mwanzo walicheka, baadaye kina mama wakanionyesha namna ya kukaza fundo lisiteleze. Usingizi wangu ulikuwa wa vipande vipande, kipande kimoja ukicheza na vifuniko vya sufuria, kingine saa saba ukilala chini ya neti, na ukiamka kabla yangu unanifungua jicho kwa kidole.

Mbaazi ulikuwa unakula moja moja. Unaishika, unaivua ganda lake, mbaazi unatia mdomoni, ganda unanibandika mimi mkononi, na hutaki nilitoe, nilikuwa nakwenda mpaka dukani na maganda kumi yamenikaukia hapa kwenye mkono na nazi yake. Mfereji ukikauka (na ulikuwa unakauka wiki nzima) tulinunua maji ya mkokoteni, mitungi ya lita 20, na wewe kazi yako ilikuwa kuchota na kile kikombe cha bluu unamwagia viatu vyangu. Nikikwambia acha, maji ni pesa, unanijibu "naosha baba".

Mambo ya kuja kwako hatukukuficha. Ulikuja kwetu Aprili 2002 una miezi mitano, mapema 2003 jaji akatia sahihi amri ya kukuasili, na mamako tangu hapo alikuwa anakusimulia kwamba watoto wengine hutoka tumboni, wewe ulikuja na gari nyeupe. Siku moja tuko kwenye matatu tunapita Kibarani, ile harufu ya jaa imeingia watu wote wameziba pua, ukamwambia makanga kwa sauti, "mimi nilikuja na gari!" Makanga akasema, "hata mimi nimekuja na gari, mama, kila siku." Ulifurahi sana. Ulifikiri umepata mwenzako.

Maombi ya mtoto wa pili tuliyapeleka katikati ya huo mwaka wa 2003. Watu hudhani ukishaasili mmoja basi wa pili ni kama kulipia leseni upya, hapana, unaanza mwanzo kabisa. Cheti cha polisi cha tabia njema tena, alama za vidole tena, daktari tena, peisilipu, barua ya chifu, barua ya pasta. Yule dada wa shirika la kuasilisha watoto akaja kukagua nyumba, akahesabu vyumba, akafungua mpaka kabati la dawa, na wewe unamfuata nyuma unamuonyesha mende walipo. Sheria ya watoto ya 2001, ambayo ilianza kufanya kazi Machi 2002, ilikuwa inasema mtoto awe ametimiza wiki 6 na shirika limtangaze kwamba yuko huru kuasiliwa, halafu akae na nyinyi miezi 3 mfululizo ndio mpeleke maombi High Court, na mzazi asiwe amepita miaka 65. Mimi nilikuwa 46. Sitini na tano niliiona mbali kama Voi kwa miguu, lakini usiku godauni hakuna kazi nyingi, mtu anajikuta anaipigia hesabu.

Jamaa zetu nao walikuwa na hesabu zao. Kila wakija wanakubeba wanakugeuza geuza, wanasema huyu ana mguu mwema, huyu atafungua njia, mwakani mama yake atabeba mimba. Walikupenda, sisemi hawakukupenda. Lakini hayo maneno yalinikera mpaka leo yananikera, kana kwamba wewe ulikuwa ufunguo wa mlango wa mtu mwingine. Mama wa mahamri pale kona ndiye aliyekuwa na akili kuwashinda wote. Yeye Muislamu, nyumbani kwake walikuwa wanalea yatima wa upande wa mumewe, akanieleza kwao mtoto unamlea kwa moyo wote lakini jina la babake mzazi humvui. Akaniuliza, "na wenu akitaka kujua la kwake?" Nikasema tutamwambia tunalolijua. Akanipimia mahamri akaongeza mawili ya bure, na hakuniuliza tena.

Sasa nikuambie jambo ambalo mamako hulipita haraka akisimulia. Kungoja kulikuibia, mwanangu. Kulikuibia wewe, sio mimi. Mimi nilikuwa nyumbani lakini sikio liko dirishani, manake ile Nokia ilikuwa inashika netiweki pale dirishani tu, nikiskia mlio nakuacha na uji mdomoni nakimbia. Ukinionyesha kitu nasema "ndio, ndio" na sijakitazama. Ulikuwa na tabia ya kunishika kidevu na mikono yote miwili unanigeuza uso. Ulijifunza hiyo mwaka ule, kabla hukuwa nayo.

Novemba tukaenda Marikiti kununua pilipili manga na iliki za mamako. Simu ikalia, namba ya shirika, nikakuachilia mkono nizibe sikio la pili nipate kuskia. Dakika moja, labda mbili. Nikigeuka hupo. Nikapiga kelele jina lako mpaka sauti ikanipotea, wapagazi wameacha mikokoteni wanatafuta, mama mmoja wa buibui amekwenda kusimama barabarani kuzuia magari, na mimi nazunguka pale pale kama kishada kilichokatika uzi. Ulikuwa nyuma ya meza ya mzee mmoja wa viungo, umekaa juu ya gunia la bizari, mzee amekupa kijiti cha mdalasini unakitafuna, mikono na uso wote manjano. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "huyu amekaa hapa anasema baba yuko na simu."

Na unajua walichokuwa wanataka? Fotokopi ya cheti cha ndoa. Ile ya kwanza walikuwa wameipoteza.

Mamako sikumwambia mpaka usiku wa pili, na ile manjano kwenye nguo yako nilisema ni bizari imemwagika, jambo ambalo si uongo.

Haya, godoro. Januari 2004 tuliambiwa kuna mvulana, miezi minane. Polisi walikuwa wametafuta jamaa zake kama inavotakiwa na hakuna aliyejitokeza. Mamako akanunua godoro dogo na mito, kitanda tukatengenezewa na fundi wa hapa hapa Mikindani, tukakiweka chumbani kwako upande wa dirisha. Wiki ya kwanza ya Februari tulikuwa tumeitwa kwenda kumuona mara ya pili, na ndio wiki ile sheria za matatu za waziri Michuki zimeanza, matatu hazionekani, zote zimefichwa hazijafungwa mikanda, watu wamejaa barabarani wanatembea kama wanahama. Nikakuweka mabegani tukatembea na wewe unapungia watu mkono kama mheshimiwa, mpaka dereva mmoja wa lori karibu na Changamwe akatuonea huruma. Tulifika tumechelewa saa nzima, tumejaa vumbi, wakatukubalia kumuona. Ulimpa kijiko chako. Alikitupa. Ukamuokotea.

Tukarudi nyumbani, na tangu siku hiyo kile kitanda ulikiita "cha toto". Asubuhi moja mamako kaenda shule, mimi ndio naingia kutoka kazini, nakuta sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani, wamepanda mguu wa kitanda, wameingia chini ya mto. Niliwaka. Godoro jipya, hata halijalaliwa. Nikainua mto nikakuta nusu hamri, na nusu nyengine iliyokauka ya jana yake, na ya juzi imeota ukungu. Ulikuwa umesimama mlangoni na neti kichwani unanitazama. Kumbe siku tatu kila ukipewa hamri unakula nusu. Nikapangusa sisimizi, nikayatoa yale mabovu, ile nusu ya asubuhi hiyo nikaitia kwenye karatasi nikairudisha pale pale. Sikujua nifanye nini kingine.

Wiki mbili baadaye simu ikalia. Bibi yake yule mtoto ametokea kutoka bara, ana kadi ya kliniki mkononi, amemtafuta mjukuu wake miezi yote ile. Sasa hapo utasema nini? Mtoto wake ni wake. Lakini nitakuwa mnafiki nikisema nilifurahi, nilimkasirikia bibi wa watu ambaye hajanikosea na hata sura yake siijui, mamako naye akafua neti ambazo hazikuwa chafu. Siku hizi nikimfikiria yule mvulana namuona mwanamume wa miaka ishirini na kitu, labda ana ndevu, na naomba bibi alijaliwa umri wa kumlea.

Wewe hukuelewa. Kila asubuhi "toto wapi?" Nikakwambia toto amekwenda kwa bibi yake. Ukaenda ukaleta viatu vyako, ukaviweka miguuni pangu, ukasema, "na mimi twende kwa bibi."

Mamangu, bibi yako nilikuwa nimemzika Rabai mwaka wa 1998. Unajua mimi ni mtoto wa pekee, baba alikufa mapema. Siku ile nilipewa kila kitu mimi, niliulizwa mimi jeneza la bei gani, mimi kaburi lichimbwe wapi, mimi nani azungumze kwanza. Majirani walikuwepo wengi na walinisaidia, siwezi kuwalaumu, lakini hakukuwa na mtu hata mmoja ambaye ningemwambia "unakumbuka mama alivokuwa akituficha sukari" akakumbuka. Nilirudi Mombasa na hilo jambo kifuani. Halafu ukaja wewe, na usiku wa kwanza umelala katikati yetu, badala ya kufurahi tu kama watu wengine, mimi nikawa nawaza siku utakayoniangalia mimi kwenye sanduku na huna wa kumgeukia. Ni ujinga, mtoto wa miezi mitano. Lakini ndivyo nilivowaza, na asubuhi nilimwambia mamako tutafute mwengine, akacheka akasema huyu hata hajamaliza maziwa ya kwanza.

Kwa hivyo swali lako limekaa kinyume. Ungekuwa hukunitosha ningengoja nini? Ningekuwa nimechoka na mambo ya watoto nimerudi kucheza bao.

Lile la kuwa nilikuwa nawe nusu nusu mwaka ule mzima, hilo ni kweli na sina la kulitetea. Nilidhani mtoto mdogo haoni. Mwenye kuniambia kwamba unaona alikuwa yule mzee wa viungo.

Nduguyo alikuja Mei 2005, mvua imechapa mpaka barabara ya Mikindani imekuwa mto, teksi ikakataa kushuka tukambeba chini ya mwavuli. Ulikuwa na miaka mitatu na nusu, ulikuwa umengoja kutushinda sisi, na ulipoonyeshwa ulimnusa kichwa ukasema, "ananuka. Arudi kesho." Siku ya tatu ulimfinya. Ya nne ukampa nusu hamri na hana hata jino moja, nikakunyang'anya ukalia, naye akalia, mamako akaketi chini kwenye sakafu akacheka mpaka na yeye akalia. Mimi usiku huo nilikuwa na zamu. Nilikwenda Shimanzi nikalala juu ya magunia, Mungu anisamehe, na msimamizi alijifanya hajaniona.

Makaratasi yote yako kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chetu, ya kwako na ya nduguyo, amri ya korti na vile vyeti. Usiyasome peke yako, ngoja uje.

Na godoro, manake najua utauliza: mwenye duka alikataa kurudisha pesa, akasema limeshaingia sisimizi, na kweli lilikuwa limeingia. Alilichukua akatupa mito mitatu badala yake. Miwili iliisha zamani. Wa tatu ni ule wa maua ya samawati anaolalia paka wa mamako, na ukija Disemba uutazame kwenye pembe moja umetafunwa, mamako husema ni paka, lakini huyo paka tumempata juzi juzi tu na yale meno mimi nayajua.

Babako